Jinsi ya kuchora katuni ya ndugu wawili wa mtaani kwenu, kuanzia karatasi tupu mpaka kijitabu mkononi

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza ni yale yale. Natumia apu gani? Nianze na hadithi gani? Mbona sura za watu wangu zinabadilika kila ukurasa? Naweza kutoa kijitabu bila kampuni ya uchapaji? Nimeona bora niandike yote sehemu moja, ukiulizwa na mwenzio na wewe umtumie hii.

Mwongozo huu ni wa katuni za aina moja tu. Ndugu wawili, wavulana wadogo, wanaishi mtaa wa kawaida, wanasoma shule ya kawaida, hakuna anayeruka angani wala anayetoa moto machoni. Visa vyao ni kutumwa dukani, kupoteza chenji, kuvunja kitu cha baba, kugombania upande wa kitanda. Wengi wanaona hivyo ni vidogo mno kutengenezea katuni afu wanakimbilia majini na majambazi, mi nasema kwa mtoto wa miaka 7 kutumwa dukani peke yake ni safari kubwa kabisa, kuna pesa ya watu mkononi, kuna mbwa wa yule jirani, kuna wakubwa wa mtaa wa juu, na mama ana saa kichwani. Kazi yako ni kuichora kwa ukubwa anaouona yeye. Na wala si kitu kipya, gazeti moja la New York lilianza kuchapa katuni ya ndugu wawili watundu mwaka 1897 na mpaka leo jozi ya ndugu bado inauza.

Mifano yangu itakuwa ya Mbeya mana ndiko ninakochora. Ukiwa Iringa pale Kihesa, au Mafinga, au Njombe, badilisha majina tu, baridi ni ile ile, tofali za kuchoma ni zile zile, na ukifungua mlango unaona mlima.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi nyeupe za A4, za kawaida za steshenari (gramu 80) zinatosha kwa kalamu. Kama utatumia wino wa maji na brashi chukua nzito zaidi, hizi nyepesi zinajikunja.
- Penseli HB na 2B.
- Raba nyeupe laini. Ile yenye upande mwekundu na wa bluu iache, upande wa bluu unachuna karatasi na wino ukipita hapo unasambaa.
- Rula ya sentimita 30.
- Kalamu nyeusi mbili, nyembamba na nene, ambazo wino wake haukimbii ukiguswa na maji. Jaribu dukani, chora mstari, subiri kidogo, lowesha kidole upitishe.
- Daftari dogo la mfukoni.
- Simu yenye kamera inayoona vizuri.
- Mtoto mmoja au wawili wa kukusomea, wa kwenu au wa jirani. Huyu ni wa lazima kuliko vyote hapo juu.

Tableti na kalamu yake ya kidijitali usinunue sasa hivi. Maliza kwanza kijitabu kimoja kwa mkono.

Hatua ya 1: Watengeneze ndugu wako, na uwatofautishe ukiwaona kwa mbali

Kaka na mdogo wake lazima mtu awatambue hata ukiwapaka weusi tii mwili mzima. Kwahiyo anza na urefu. Mtu mzima halisi ana urefu wa kama vichwa vyake saba na kitu, kwenye katuni watoto unawafupisha, kaka mpe vichwa vinne, mdogo mpe vitatu, afu usibadilishe tena. Kichwa cha mdogo kiwe kikubwa kidogo kwa mwili wake, macho yakae chini ya nusu ya uso, hapo anaonekana mtoto hata kama hujui kuchora pua.

Afu nguo. Hapa nyanda za juu kuna zawadi ambayo wachoraji wa Dar hawana, sweta. Mdogo mvalishe sweta alilorithi kwa kaka yake, mikono imepita vidole, kiwiko kimefumwa kwa uzi wa rangi nyingine, chini linamfika karibu na magoti. Huna haja ya kuandika popote kwamba yeye ndiye mdogo na hajawahi kununuliwa sweta jipya, msomaji ameshaona. Na lile sweta litakufanyia kazi mpaka mwisho wa kitabu, mikono mirefu inafichia vitu, inafutia kamasi, inanasa kwenye michongoma.

Mimi hapa nitawaita Lusajo, darasa la tano, na Gwakisa, darasa la kwanza. Majina ya kwetu yanakaa vizuri na watoto wanayafurahia wakiyakuta kwenye katuni.

Tabia mpe kila mmoja kitu kimoja anachotaka sana na kimoja anachoogopa. Lusajo anataka kuonekana mkubwa, anaogopa kusemwa mbele za watu. Gwakisa anataka kushika pesa yeye, anaogopa kuachwa nyuma. Basi, usiandike wasifu wa kurasa tatu, havitatumika.

Mwisho wa hatua hii chora ukurasa mmoja wa mfano, kila mmoja kwa mbele, ubavu na mgongo, pembeni nyuso sita: kufurahi, kulia, kuogopa, kukasirika, kudanganya, kusinzia. Bandika ukutani unapochorea. Wanaolalamika sura zinabadilika wengi wao waliruka hapa.

Onyo: usimchore kaka kama mtu mbaya na mdogo kama malaika. Ndugu halisi wanabadilishana zamu, leo huyu ndo mkorofi kesho yule.

Hatua ya 2: Chora ramani ya mtaa wao

Kabla ya hadithi. Karatasi moja, kwa juu kama unaangalia toka mlimani. Nyumba yao iko wapi, duka la Mangi liko upande gani, bomba, shule, kiwanja, nyumba yenye mbwa, mtaro wa maji ya mvua unaanzia wapi na unaishia wapi. Ukishakuwa na ramani, kila wakitoka nyumbani wanageuka upande ule ule na msomaji anauzoea mtaa kama wake.

Chukua mtaa unaoujua. Ukiwa Uyole una njia panda ya Tukuyu na Kyela, una magunia ya viazi, una malori. Ukiwa Iyunga una stesheni ya TAZARA na watoto wanaosimama kuangalia treni. Soweto na Mwanjelwa una soko na watu hawaishi. Ukiwa upande wa Forest una miti mikubwa na utulivu, ila mlima Loleza unauona karibu popote utakapokaa mjini, uweke nyuma ya picha zako, unasaidia msomaji kujua tunaangalia upande gani.

Vitu vinavyofanya mtu aseme "hii Mbeya kabisa" ni vidogo: ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu, bati lenye mawe juu ya kuzuia upepo, mparachichi uani, ndoo zimepangwa bombani, bajaji, moshi wa jiko la mkaa asubuhi, mvuke unatoka midomoni mwa watoto wakiongea mwezi wa sita na wa saba. Tofali usichore moja moja ukuta mzima, chora chache kwenye kona na karibu na dirisha, jicho linajaza zilizobaki.

Ukichora barabara kuu ya TANZAM, naomba sana, usiwachore watoto wanaikatiza ovyo kwa ajili ya kuchekesha. Malori yanapita pale usiku na mchana, na watakaokusoma ni watoto wanaoivuka kweli kila siku.

Hatua ya 3: Tafuta kisa kimoja kidogo, kiwekee muda

Hapa ndo watu wanakwama zaidi kwahiyo nitakaa kidogo.

Kisa kizuri cha ndugu kina vitu vitatu. Kuna wanachotaka, kuna kinachowazuia, na kuna muda unaowakimbiza. Muda ndo watu wanausahau. Maharage yako jikoni na mafuta ya kuungia hayapo. Giza la saa moja linaingia. Baba anarudi na daladala ya jioni na redio yake imefunguliwa nyuma vipande vipande mezani. Ukiondoa muda, watoto wanazurura tu, na kuzurura hakumfanyi mtu afungue ukurasa unaofuata.

Visa viko tele. Kaa na watu wawili waliokua pamoja, uwaulize "nani alikuwa anasingiziwa sana?" afu washa rekoda uwaache. Au chukua hivi vya kuanzia:

- Mpira wa chandimu umeingia uani kwa bibi asiyerudisha mipira.
- Wametumwa wawili, wamepewa pesa moja, nani ashike.
- Sare moja imekauka, nyingine haijakauka, na kesho kuna ukaguzi.
- Umeme umekatika wako peke yao ndani, na kila mmoja anadai haogopi.
- Mapera ya jirani yameiva upande wa kwetu wa uzio. Ni ya nani?
- Mtaa mzima unamwita mama "Mama Lusajo". Gwakisa siku hiyo ameamua atamsahihisha kila mtu atakayepita mpaka aitwe "Mama Gwakisa".

Hicho cha mwisho nakipenda kuliko vyote mana kila aliyezaliwa wa pili amewahi kukiwaza, na ukikichora vizuri utaona watu wazima wanakipeleka kwa wadogo zao.

Kisa chako kiandike kwa sentensi moja. Mfano nitakaoutumia hapa: *Lusajo na Gwakisa wametumwa mafuta ya kupima na kiberiti maharage yakiwa jikoni, njiani sarafu ya chenji ya shilingi 500 inaponyoka na kuingia mtaroni, wanaikimbiza.* Ukishindwa kukisema kwa sentensi moja bado hakijaiva.

Onyo: usilete mtu mzima aje kutatua. Baba akitokea na pesa nyingine mfukoni, katuni imekufa. Watoto watatue wenyewe, hata kama wanatatua vibaya.

Hatua ya 4: Andika skripti ya kurasa 8

Kwanini 8? Mana karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati unapata kurasa nne za A5, karatasi mbili zinakupa nane, unapiga pini katikati una kijitabu. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne, ukiandika 9 au 10 utabaki na kurasa tupu. Ukurasa wa 1 ni kava, wa 8 ni kava ya nyuma (weka picha moja ya kufungia au tangazo la kisa kijacho), hadithi inakaa 2 mpaka 7. Kurasa sita, picha nne mpaka sita kila ukurasa, inatosha kabisa kwa sarafu moja.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. Kwenye kijitabu msomaji akifunua anaona 2 na 3 kwa pamoja, afu 4 na 5, afu 6 na 7. Kwahiyo jambo la kushtua liweke picha ya kwanza ya ukurasa wa 4 au wa 6, na swali liache picha ya mwisho ya wa 3 au wa 5. Ukiweka la kushtua ukurasa wa 3 jicho la mtoto litaliona kabla hajasoma wa 2, utamu umeisha.

Skripti iandike hivi, kwa ufupi:

*Ukurasa wa 3.*
*Picha 1: Dukani. Mkono wa Mangi unatoa chenji kwenye nondo za dirisha. Mikono miwili inaipokea kwa pamoja, mmoja una sweta refu.*
*Lusajo: Lete. Mama kanipa mimi.*
*Gwakisa: Kasema wote!*
*Picha 2: Wanatembea. Lusajo kabeba mafuta, Gwakisa ngumi imefumbwa ndani ya mkono wa sweta.*
*Lusajo: Usifungue mkono mpaka home.*
*Gwakisa: Sifungui.*
*Picha 3: Karibu sana. Mkono wa sweta, tundu dogo kwenye ushonaji. Hakuna maneno.*
*Picha 4: Sarafu hewani. Chini yake mtaro umejaa maji ya mvua.*
*Gwakisa: Bro...*

Unaona ukurasa umeishia wapi. Mwenye kusoma lazima afunue.

Maneno yawe machache, puto moja (kile kiduara chenye maneno ya anayeongea) lisizidi maneno ishirini hivi, watoto wa darasa la kwanza wanasoma kwa kuunganisha herufi na ukimwekea aya nzima anakimbia. Na waongee wanavyoongea. Mtoto wa Mbeya hasemi "ewe ndugu yangu, tufanye haraka", anasema "bro fanya chap, tutachapwa". Kwa wakubwa weka heshima inayotakiwa, wakikutana na mzee njiani wanasalimia "shikamoo" hata kama wanakimbia, na hapo hapo una kichekesho, sarafu inakwenda na maji huku wao wamesimamishwa na bibi anawauliza nyumbani hawajambo, mama hajambo, baba amerudi safari?

Hatua ya 5: Vijipicha

Kwenye daftari dogo, kila ukurasa uchore mdogo kama vocha ya simu, watu wawe vijiti tu. Weka puto kwanza, watu baadaye. Anayeanza kuongea akae kushoto mana tunasoma kutoka kushoto, ukimweka kulia mistari ya maputo inapishana kama nyuzi. Badilisha umbali, picha moja mbali uone mtaa, nyingine karibu uone uso. Na kamera ishushe, uone dunia kwa urefu wa Gwakisa, kaunta ya Mangi iwe juu ya kichwa chake, mbwa awe mkubwa kuliko alivyo. Hapa ndipo safari ya dukani inapogeuka kuwa safari kweli.

Ukimaliza vijipicha vyote vya kurasa nane, msomee mtoto ukimwonyesha kwa kidole. Akikuuliza "huyu nani?" au "ameenda wapi?" rekebisha sasa, kabla hujamwaga wino.

Hatua ya 6: Penseli kwenye A4

Kila ukurasa wa kitabu uchore kwenye A4 nzima, baadaye utapunguzwa kuwa A5, yani asilimia 71 hivi. Kupungua kunaficha makosa madogo ya mkono na kazi inaonekana safi. Acha ukingo wa sentimita moja na nusu pande zote, printa nyingi hazifiki mwisho wa karatasi. Kati ya fremu na fremu (yale maboksi ya picha) acha nusu sentimita.

Mpangilio wa kazi: fremu kwa rula, maneno, maputo, watu, mandhari. Herufi ziwe na urefu wa milimita 4 mpaka 5, chora mistari miwili ya kukuongoza, tumia herufi kubwa. Ukiandika ndogo kuliko hapo, zikipunguzwa mtoto hasomi. Ukianza na watu afu ndo utafute nafasi ya maneno, utaishia kubana maneno juu ya kichwa cha mtu, kosa hili naliona kwa kila anayeanza.

Milio iandike kwa Kiswahili, tunayo ya kutosha. Sarafu inazama CHUBWI, mlango unagongwa NGO NGO NGO, tawi linakatika KACHA, Gwakisa anaanguka PUU, jiwe la manati linapita FYUUU. Ichore kama sehemu ya picha, CHUBWI irushe matone.

Hatua ya 7: Wino

Maneno kwanza, mistari ya nje ya watu kwa kalamu nene, vitu vya ndani na mandhari ya mbali kwa nyembamba. Hiyo peke yake inawafanya watu watoke mbele na mlima urudi nyuma. Weka karatasi safi chini ya kiganja. Kipindi cha mvua huku kwetu hewa ina unyevu na baridi, wino unachelewa kukauka, usipitishe raba mapema, ukiweza acha ukurasa mpaka kesho yake. Weusi ujaze sehemu chache tu, kaptula ya mmoja, nywele, kivuli chini ya bati.

Ukikosea usichane. Kata kipande cha karatasi, chora upya hapo, bandika juu, kwenye kopi hakionekani.

Hatua ya 8: Ingiza kwenye simu au kompyuta

Kama steshenari ya karibu ina skana, omba 300 dpi (nukta kwa kila inchi) ya kijivu, au 600 kama ni mistari mieusi mitupu. Kama huna, piga picha kwa simu karibu na dirisha mchana, simu iwe sambamba na karatasi, bila flashi, kivuli chako kisiingie. Apu za kuskani nyaraka zinanyoosha kona na kung'arisha weupe zenyewe.

Kusafisha na kupaka rangi, kwenye kompyuta tumia Krita, ni ya bure na haina masharti, kwenye simu wengi wanatumia ibisPaint. Hifadhi kwa PNG, sio JPEG, mana JPEG inaweka uchafu pembeni ya mistari.

Onyo: ukituma kwa mtu wa kuchapa kupitia WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, na ikichapwa herufi zina ukungu, afu watu wanalaumu printa.

Hatua ya 9: Panga kurasa, toa kopi, piga pini

Mpangilio wa kurasa 8 ni huu, unakili kabisa:

- Karatasi ya kwanza, upande wa nje: 8 kushoto, 1 kulia. Upande wa ndani: 2 kushoto, 7 kulia.
- Karatasi ya pili, upande wa nje: 6 kushoto, 3 kulia. Upande wa ndani: 4 kushoto, 5 kulia.

Kabla ya kutoa kopi nyingi tengeneza mfano, karatasi mbili tupu, zikunje, andika namba kwa kalamu, zifungue uone. Ukichapa pande mbili mwambie mhusika igeuzwe kwa upande mfupi, isipokuwa hivyo nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Toa kopi moja, kunja, soma yote, ndo uagize zingine. Nyeusi na nyeupe inapendeza na bei yake mtoto anaimudu. Pini mbili kwenye mkunjo, kama stepla haifiki katikati funua mdomo wake, weka kitabu juu ya boksi laini, piga, afu kunja miguu ya pini kwa kijiko.

Hatua ya 10: Haki yako na za watu

Kazi unaweza kuisajili COSOTA, ndo chombo cha hakimiliki kwa Tanzania bara, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Ukitaka kuuza kwenye maduka ya vitabu utahitaji ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kijitabu cha kugawa mtaani hakihitaji hiyo namba.

Na kama kisa ni cha kweli, cha ndugu zako au majirani, badilisha majina na umwonyeshe mwenyewe kabla hujachapa. Mtoto aliyekojoa kitandani mwaka huo sasa ni mtu mzima ana familia.

Ukikwama

*Sura zinabadilika.* Rudi kwenye ukurasa wa mfano, pima vichwa kwa rula. Mara nyingi sio sura, ni urefu, Gwakisa amerefuka bila wewe kujua.

*Sijui kuchora mikono.* Mfiche mmoja ndani ya sweta, mwingine mpe vidole vinne vinene. Ila jifunze ngumi, kiganja wazi na kidole kinachoonyesha, hivyo vitatu vinafanya kazi karibu yote. Piga picha mkono wa mtoto ukiwa umeshika sarafu, uuangalie ukichora.

*Hadithi imeisha ukurasa wa 5.* Umewasaidia mapema. Ongeza kikwazo kimoja kinachotokana na tabia zao, sio bahati mbaya mpya. Kwa mfano wangu, sarafu imekwama kwenye kalavati, tundu ni dogo, anayepenya ni Gwakisa peke yake, na Gwakisa anaogopa kuachwa. Sasa Lusajo lazima ashike sweta lake kwa nyuma na aendelee kuongea nae muda wote asinyamaze hata kidogo. Hapo kurasa mbili zimejaa.

*Hadithi haiishi.* Una visa viwili. Toa kimoja, weka kijitabu cha pili.

*Mtoto hacheki.* Usimwelezee. Mwangalie macho yalipoacha kutembea, hapo pana maneno mengi au picha haieleweki. Na sio lazima acheke, akiuliza "afu?" umefaulu.

*Mandhari yananimaliza.* Picha ya kwanza ya kila sehemu chora mtaa kamili, zinazofuata weka kipande tu, kona ya bati, mstari wa uzio.

*Mwisho unakuwa kama mahubiri.* Huu ni ugonjwa wa wengi, mama anawaketisha anawafundisha uaminifu nusu ukurasa. Futa hotuba, waache watoto wafanye kitu. Mimi kile cha sarafu nilikiishia hivi: mafuta yamefika, sarafu haikupatikana, mama anahesabu chenji kiganjani, hajasema neno bado. Ndugu wawili wamelowa mpaka magotini. Maputo mawili yanatoka kwa wakati mmoja yanagongana katikati ya picha, yote yameandikwa "Ni mimi!" Afu ukurasa wa 8, maharage yanaungwa.